Ukiongeza kidogo kila mwezi, mkopo wa nyumba unapungua kwa kiasi gani?

Chukua mtu aliyekopa shilingi milioni 3 kununua nyumba, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi anakatwa shilingi 33,033. Baada ya miaka miwili kamili ameshatoa 792,782. Akienda benki kuuliza deni limebaki kiasi gani, anaambiwa 2,918,201. Yaani katika karibu laki nane alizotoa, deni lenyewe limepungua kwa 81,799 tu.

Wengi wakifika hapo hudhani wameibiwa. Hawajaibiwa, ila hawakuelezwa hesabu inavyokwenda. Na hesabu hiyo hiyo inayomla mkopaji mwanzoni ndiyo inayomsaidia akianza kulipa zaidi ya anavyodaiwa. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, ili yeyote mwenye mkopo wa nyumba hapa Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu au kwingineko aweze kujipimia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuambia kwamba siku unayolipa nayo ina bei yake.

Riba inahesabiwa vipi

Mikopo mingi ya nyumba ya benki hapa Kenya huhesabiwa kwa salio linalopungua. Maana yake, kila mwezi benki hutazama deni lililobaki, huchukua riba ya mwezi mmoja juu ya deni hilo, na kinachosalia katika malipo yako ndicho kinachopunguza deni la msingi.

Riba ya asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia 1 kwa mwezi. Kwa hivyo:

- Mwezi wa 1: deni ni 3,000,000. Riba ni 30,000. Umelipa 33,033, hivyo deni limepungua kwa 3,033. Limebaki 2,996,967.
- Mwezi wa 2: riba ni 29,970. Deni limepungua kwa 3,063. Limebaki 2,993,904.
- Mwezi wa 3: riba ni 29,939. Deni limepungua kwa 3,094. Limebaki 2,990,810.

Unaona mwenyewe. Mwezi wa kwanza, katika kila shilingi 11 unazotoa, 10 zinakwenda kwenye riba na moja tu ndiyo inayogusa deni. Ukiendelea hivyo mpaka mwisho, utakuwa umelipa jumla ya shilingi 7,927,820 kwa nyumba uliyokopea milioni 3. Riba peke yake ni 4,927,820.

Sasa ongeza shilingi 5,000

Tuseme mtu huyo huyo analipa 38,033 badala ya 33,033, tangu mwezi wa kwanza.

- Mwezi wa 1: riba ni 30,000 ile ile. Lakini deni limepungua kwa 8,033. Limebaki 2,991,967.
- Mwezi wa 2: riba ni 29,920. Deni limepungua kwa 8,113. Limebaki 2,983,854.
- Mwezi wa 3: riba ni 29,839. Deni limepungua kwa 8,194. Limebaki 2,975,660.

Linganisha na hesabu ya kwanza. Tofauti ya deni baada ya miezi mitatu ni 15,150. Elfu kumi na tano ni zile ulizoongeza, na 150 ni riba ambayo hukutozwa. Ni kidogo mno, na ndiyo maana watu hukata tamaa mapema. Lakini ile 150 nayo imeshaingia kwenye deni la msingi, na mwezi ujao itazuia riba yake, na mwezi wa baadaye vivyo hivyo. Shilingi uliyotanguliza leo inafanya kazi kila mwezi mpaka deni liishe.

Matokeo ya mwisho kwa mkopo huo wa milioni 3, asilimia 12, miaka 20, ni haya:

- Bila nyongeza: miezi 240. Riba yote ni 4,927,820.
- Nyongeza ya 2,000 kila mwezi: takriban miezi 195. Riba ni karibu 3,831,000. Umeokoa karibu 1,096,000.
- Nyongeza ya 5,000: miezi 157, na mwezi wa mwisho si malipo kamili. Riba ni karibu 2,943,000. Umeokoa karibu 1,984,000.
- Nyongeza ya 10,000: miezi 121, na wa mwisho ni shilingi elfu mbili tu. Riba ni karibu 2,166,000. Umeokoa karibu 2,762,000.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalioni. Aliyeongeza 10,000 ametoa mara tano ya aliyeongeza 2,000, lakini hakuokoa mara tano. Ameokoa mara mbili na nusu. Shilingi za mwanzo ndizo zenye nguvu kubwa zaidi. Kwa hivyo mwenye uwezo wa elfu mbili tu asidharau elfu mbili zake. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni miaka mitatu na miezi tisa ya kukatwa mshahara.

Fedha za mkupuo: mapema au baadaye?

Si kila mtu ana nyongeza ya kila mwezi. Wengine hupata fedha kwa mkupuo: marupurupu ya kazini, mauzo ya shamba, mchezo wa chama, au ndugu aliye Uarabuni ametuma kitu. Tuseme umepata 300,000.

Ukiziingiza mwishoni mwa mwaka wa pili, na ukaendelea kulipa 33,033 zile zile, mkopo utaisha mwezi wa 183 badala ya 240. Umeokoa riba ya karibu 1,612,000, baada ya kutoa zile laki tatu zako.

Fedha hizo hizo ukiziingiza mwishoni mwa mwaka wa 12, mkopo utaisha mwezi wa 219. Umeokoa karibu 403,000.

Ni laki tatu zile zile, mkopo ule ule. Ila ukichelewa miaka kumi faida inabaki robo. Ndiyo maana ushauri wa "ngoja nijipange kwanza, nitakuja kulipunguza baadaye" una gharama inayoweza kuhesabiwa.

Lazima pia tuseme ukweli wa upande wa pili. Zile 1,612,000 haziji mkononi leo. Ni malipo ambayo hutayatoa miaka 13 mpaka 18 ijayo, na shilingi ya wakati huo haitanunua kitu ambacho shilingi ya leo inanunua. Faida ni ya kweli, lakini usiihesabu kana kwamba ni milioni moja na nusu iliyo mfukoni.

Swali ambalo benki inaweza isikuulize

Ukipeleka fedha za ziada, kuna njia mbili za kuzitumia. Ya kwanza, malipo ya kila mwezi yanabaki vile vile na muda wa mkopo unafupishwa. Ya pili, muda unabaki vile vile na malipo ya kila mwezi yanapunguzwa.

Tofauti yake ni kubwa. Katika mfano wetu wa laki tatu mwishoni mwa mwaka wa pili:

- Ukifupisha muda, unaokoa karibu 1,612,000.
- Ukipunguza malipo ya mwezi, yatashuka kutoka 33,033 hadi 29,637, na mpaka mwisho utaokoa karibu 433,000 tu.

Njia ya pili si mbaya kwa aliyebanwa. Shilingi 3,396 kila mwezi ni karo, ni gesi, ni nauli ya matatu. Lakini uichague wewe kwa kujua, isiwe umechaguliwa na mfumo wa benki. Na kuna hila moja nzuri: ukipunguziwa malipo, kisha wewe mwenyewe ukaendelea kulipa kiasi kile cha zamani kama nyongeza, unarudi kwenye faida ya njia ya kwanza, na bado una ruhusa ya kulipa kidogo mwezi ukiwa mgumu.

Riba ikipanda

Mikopo mingi ya nyumba hapa nchini ina riba inayobadilika. Waliokuwa na mikopo mwaka 2011 wanakumbuka. Mwezi wa Septemba mwaka huo kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7, na kufikia Desemba kilikuwa asilimia 18. Baadaye, 2016, sheria iliweka kikomo cha riba kuwa asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kikomo hicho kikaondolewa Novemba 2019. Februari 2024 kiwango kilifika asilimia 13, kisha kikaanza kushushwa mwezi wa Agosti.

Rudi kwenye mfano wetu. Mwishoni mwa mwaka wa pili deni ni 2,918,201. Riba ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 14, riba ya mwezi itakuwa 34,046. Wewe unalipa 33,033. Maana yake malipo yako hayatoshi hata riba, na deni linaanza kukua badala ya kupungua. Hapo ndipo benki hukwambia ulipe zaidi kila mwezi.

Aliyetanguliza laki tatu, deni lake ni 2,618,201 na riba ya asilimia 14 ni 30,546. Malipo ya 33,033 bado yanapunguza deni, japo polepole. Kwa hivyo kulipa zaidi riba inapokuwa nafuu ni kujenga ukuta kabla maji hayajajaa.

Na riba ikishuka? Usikimbilie kuomba malipo yapunguzwe. Ukibaki na kiasi ulichokwisha kuzoea, tofauti yote inageuka nyongeza, na mfukoni hukusikia lolote.

Nafuu ya ushuru inabadilisha hesabu

Hapa wataalamu wa kwenye redio mara nyingi hupita mbio. Sheria ya ushuru wa mapato inamruhusu anayeishi kwenye nyumba aliyoikopea, ikiwa mkopo umetoka taasisi inayotambuliwa, kutoa riba ya mkopo huo kwenye mapato yake kabla ya kukatwa ushuru. Kikomo kilikuwa 300,000 kwa mwaka, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi.

Mwenye mshahara unaoangukia kiwango cha asilimia 30, yaani mapato ya juu ya 32,333 na yasiyozidi 500,000 kwa mwezi, hurudishiwa senti 30 kwa kila shilingi ya riba aliyolipa ndani ya kikomo. Kwa maneno mengine, riba yake ya asilimia 12 kwa kweli inamgharimu asilimia 8.4.

Kwa hivyo akilipa zaidi na riba ikapungua, nafuu yake ya ushuru nayo inapungua. Katika mfano wa nyongeza ya 5,000, akiba ya 1,984,000 inashuka hadi karibu 1,389,000 baada ya kuondoa nafuu anayoikosa, ikiwa sheria na mshahara havitabadilika. Bado ni fedha nyingi, lakini si sawa na hesabu ya kwanza.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, kama hujawahi kupeleka cheti cha riba kwa mwajiri wala kukiandika kwenye ritani yako ya KRA, nafuu hiyo huipati, na riba inakugharimu asilimia 12 kamili. Anza hapo kabla ya kutafuta nyongeza. Pili, kama deni ni kubwa kiasi kwamba riba ya mwezi inazidi 30,000, ile sehemu iliyozidi haina nafuu yoyote. Mwenye deni la milioni 5 kwa asilimia 12 analipa riba ya 50,000. Kila shilingi anayotanguliza mpaka deni lifike milioni 3 inamuokolea asilimia 12 bila kupoteza chochote cha ushuru. Huyo ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kulipa haraka.

Kwa wale walio kwenye mikataba ya Kiislamu

Wasomaji wengi wa Pwani wamekimbia riba na kwenda kwenye benki za Kiislamu, ambazo Kenya inazo tangu 2008, au madirisha ya Kiislamu ya benki za kawaida. Je, kulipa zaidi kunasaidia huko? Inategemea mkataba.

Katika musharaka inayopungua, wewe na benki mnamiliki nyumba kwa ubia. Unalipa kodi ya sehemu ya benki, na kila mwezi unanunua kipande cha sehemu hiyo. Ukinunua vipande zaidi, sehemu ya benki inapungua na kodi inapungua nayo. Hesabu inakwenda karibu sawa na tuliyoifanya juu, japo msingi wake ni kodi ya mali na si riba ya deni. Muhimu ni mkataba uruhusu kununua vipande vya ziada, na useme kwa bei gani.

Katika murabaha, benki imenunua nyumba ikakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, na bei hiyo imeshakuwa deni lako lote. Kulipa mapema hakushushi bei kwa wenyewe. Benki inaweza kukupunguzia kwa hiari yake, na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa lenye makao Jiddah lilisema mwaka 1992 kwamba kupunguza deni ili lilipwe mapema kunaruhusiwa mradi hakukuwekwa sharti tangu mwanzo. Kwa hivyo mwenye murabaha aulize kabla ya kupeleka fedha: wengine waliolipa mapema walipunguziwa kiasi gani?

Na kwa Muislamu aliyekwisha kuingia kwenye mkopo wa riba, kwa sababu ya kazi au kwa kutokujua, masuala ya hukumu amuulize sheikh wake. Upande wa hesabu ni mwepesi: kila shilingi ya ziada inapunguza riba atakayoitoa, na inaleta karibu siku ya kutoka.

Kabla hujaongeza hata shilingi moja

Fedha ukishaziingiza kwenye mkopo, kwa kawaida hazirudi. Huwezi kwenda benki mwezi ujao ukasema nirudishieni laki yangu, mtoto analazwa. Kwa hivyo panga hivi:

1. Maliza kwanza madeni ghali. Mkopo wa simu unaotoza asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja hauwezi kulinganishwa na asilimia 12 ya mwaka mzima. Kutanguliza mkopo wa nyumba huku ukikopa kwa simu ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

2. Weka akiba ya dharura ya malipo ya miezi mitatu hadi sita. Hili kwetu Pwani lina uzito wake. Anayefanya kazi hoteli za Watamu, Malindi au Diani anajua Aprili hadi Juni inavyokuwa, na hakuna aliyesahau 2020 hoteli zilipofungwa. Mwenye deni dogo lakini asiye na akiba bado anaweza kupigiwa mnada. Benki haitazami umelipa zaidi mwaka jana, inatazama hukulipa mwezi huu.

3. Linganisha na mahali pengine pa kuweka fedha. Kama unayo njia ya halali na ya uhakika inayokupa zaidi ya gharama yako halisi ya mkopo, baada ya ushuru, basi huko ndiko kwenye faida. Kama huna, kulipa deni ni faida isiyo na bahati nasibu.

4. Hakikisha mkopo wako si wa riba ya kudumu inayokokotolewa kwenye kiasi cha awali mpaka mwisho. Baadhi ya wakopeshaji hutumia njia hiyo. Hapo kulipa zaidi hakukusaidii isipokuwa mkataba useme utapunguziwa.

Namna ya kupeleka fedha

Usiweke tu fedha kwenye akaunti na kuondoka. Zinaweza kukaa hapo zikisubiri kukatwa kama malipo ya mwezi ujao, na riba yako isipungue hata senti. Andika barua au barua pepe useme wazi: fedha hizi ni za kupunguza deni la msingi, na naomba muda ufupishwe. Taja kiasi na tarehe. Weka nakala.

Baada ya hapo omba taarifa ya mkopo na jedwali jipya la malipo. Tazama mambo mawili: salio limeshuka kwa kiasi kamili ulichopeleka, na riba ya mwezi unaofuata imehesabiwa kwenye salio jipya. Zidisha salio kwa riba ya mwaka, gawanya kwa 1,200. Salio la 2,618,201 kwa 12 ni riba ya 26,182. Kama taarifa inasema 29,182, rudi benki.

Uliza pia kama kuna faini. Kwa anayetaka kumaliza mkopo wote kabla ya muda, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 85, inalinda haki yako ya kufuta rehani wakati wowote ukishalipa deni lote. Mkataba unaweza kukutaka utoe notisi ya mwezi mmoja, au ulipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja. Kwa deni la milioni 2 kwa asilimia 12, hiyo ni shilingi 20,000. Ukitajiwa faini ya laki mbili, omba uonyeshwe imeandikwa wapi, kisha mtafute wakili. Malipo ya ziada ya sehemu tu hufuata mkataba wako, kwa hivyo usome.

Ukishamaliza, kazi haijaisha. Deni likifika sufuri lakini rehani ikabaki kwenye sajili ya ardhi, nyumba bado haijawa yako huru. Dai hati ya kufuta rehani, isajiliwe, kisha fanya upekuzi rasmi uone jina la benki limeondoka.

Jipimie mwenyewe

Mwenye kompyuta, au simu yenye Excel au Google Sheets, aandike =NPER(0.01,-38033,3000000). Atapata 156.27, ndiyo miezi ya kulipa. Badala ya 0.01 weka riba yako ya mwaka ikigawanywa kwa 12, kwa mfano asilimia 14 ni 0.14/12. Badala ya 38033 weka malipo yako pamoja na nyongeza, na usisahau alama ya kutoa mbele yake. Badala ya 3000000 weka salio lako la leo, si kiasi ulichokopa zamani. Kisha zidisha miezi kwa malipo, toa salio, na hiyo ndiyo riba iliyobaki mbele yako. Fanya mara mbili, bila nyongeza na pamoja na nyongeza. Tofauti ndiyo akiba yako.

Asiye na hiyo, daftari na kalamu vinatosha. Salio, mara riba, gawanya kwa 1,200. Toa kwenye malipo. Kilichobaki toa kwenye salio. Fanya kwa miezi kumi na miwili tu, utaona mwelekeo.

Hesabu hii haimhusu mkopaji peke yake. Kwa sheria ya mirathi yetu, maiti akifa, deni hulipwa kabla warithi hawajagawana. Bima ya mkopo au takaful inaweza kubeba mzigo huo, ikiwa imelipiwa na masharti yake yametimizwa, na hilo nalo likaguliwe mapema. Lakini nyumba yenye deni dogo ni rahisi kuiokoa kuliko nyumba yenye deni kubwa, na watakaobaki wakihangaika na barua za benki ni mjane na watoto. Kwa hivyo jedwali la malipo lisikae kwenye droo ya mtu mmoja. Kaeni nalo mezani, mume na mke, muulizane mwezi huu mnaweza kuongeza ngapi.